Nililifuata jiko kinyumenyume, Kawangware hadi Enterprise Road

Jiko la makaa, hili la kawaida lenye kiuno cha bati na udongo ndani, nimelifuata kuanzia pale linaponunuliwa mpaka pale bati lake linapotoka, yaani nimetembea kinyume na vile mali inatembea. Ni makusudi. Ramani ya uzalishaji inachorwa hivyo, unaanza kwa mnunuzi halafu unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mali ghafi, na karatasi na penseli na saa, na unaandika chenye umeona na macho yako, si chenye umeambiwa kinafaa kuwa. Walioniomba niichore ni kikundi cha mafundi wa bati wa Kamukunji, hapa Nairobi. Kilio chao kilikuwa kwamba wanagonga bati kutwa, shedi imejaa, na bado wateja wanapiga simu wakisema hakuna jiko.

Basi asubuhi nikaanzia Kawangware, kwa mama mmoja mwenye duka la vyombo. Majiko makubwa yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, madogo hakuna hata moja. Nikamuuliza, mama, kwani watu wananunua gani? "Madogo, kijana wangu. Hapa watu wanaishi single room, hilo kubwa wataliweka wapi?" Sasa mbona uliagiza makubwa? Akaniambia hakuagiza, lori likija linashusha chenye fundi alikuwa nacho, na akikataa atangoja mpaka lori lijaze tena, na akiagiza machache hakuna mtu atamletea. Hayo maneno yake nikayaandika yote kabla hata sijachora sanduku moja la hatua ya kazi kwa ramani, juu naona hapo ndio ugonjwa ulikuwa umelala tangu mwanzo. Watu wa Toyota walipoanza kuchora ramani za aina hii walichora vitu viwili kwa karatasi moja, mali inaendaje na habari inaendaje. Wengi wetu tunachora mali peke yake.

Nikapanda matatu ya 46 kurudi tao. Kwa jam nikapiga hesabu ya mwendo, ambayo ni rahisi kuliko vile watu wanaiogopa: unachukua muda wa kazi wa siku unagawanya kwa idadi wanunuzi wanataka. Tuseme fundi wako kazini dakika 450 ukitoa lanchi, na wanunuzi wanataka majiko 30 kwa siku, basi jiko moja linafaa kutoka kila dakika 15. Zikitoka haraka kuliko hapo unajaza shedi, zikichelewa mama anakaa bila. Hiyo namba ndio inafaa kuongoza nyundo, si nguvu ya fundi wala hofu ya kukaa bure.

Kutoka tao nikashika Landhies Road kwa miguu, nikapita Muthurwa na pale mabasi ya mashambani yanapakia, na Kamukunji unaisikia kabla hujaiona. Kelele ya nyundo pale haina mapumziko. Hawa watu walianza kazi juani bila paa, ndio jina jua kali likashika, na mimi nawaheshimu sana, kwa hiyo nilisema mapema sijaja kupima nani mvivu. Kuna fundi aliyekuwa ameninunia akalegea kidogo.

Taiichi Ohno wa Toyota husimuliwa kwamba alikuwa anachora duara na chaki sakafuni, anamwambia mtu asimame ndani yake aangalie kazi mpaka aone. Mimi nilisimama kando ya gunia la makaa, ni ile ile. Kwanza huoni kitu, unaona tu watu wanafanya kazi kwa bidii. Baadaye ndio unaanza kuona yule wa kukata anakata mwili wa jiko kwa dakika chache tu halafu anauweka kwa rundo, na rundo linakaa. Wa kukunja anachukua, anapiga, anaweka kwa rundo lingine. Mkasi mkubwa wa bati ni mmoja na unaazimwa kutoka shedi ya tatu, kwa hiyo ukiupata unakata mengi sana hata yenye hayahitajiki, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, nani atarudisha mkasi kabla hajashiba nao? Kila rundo nililihesabu nikaliandika ndani ya pembetatu, alama ya mali inayongoja kwa ramani, halafu nikagawanya kwa mahitaji ya siku: miili 120 ikingoja na wanaotaka ni 30, hiyo ni siku nne zimelala pale chini zikiota kutu.

Chini ya karatasi unachora mstari wa ngazi, juu unaandika muda wa kungoja, chini muda wa kuguswa na mkono. Ya mkono ukijumlisha yote, kukata, kukunja, kupiga riveti, kufunga milango na miguu, rangi, haikufika hata saa moja kwa jiko. Ya kungoja ilikuwa inapita wiki mbili. Niliwaonyesha wote pale pale, na mzee mmoja akasimama akaangalia karatasi muda mrefu akasema, "Kumbe tunakimbia ndani ya zile dakika na hasara iko huku juu." Ndio, mzee. Ukimharakisha fundi mara mbili utaokoa nusu saa kwa wiki mbili.

Lakini rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la miili iliyokamilika ikingoja chungu cha ndani. Jiko hili lilipoanza kuenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, bati likabaki kazi ya mafundi wa bati na udongo kazi ya wafinyanzi, kwa hiyo ni mito miwili na lazima ikutane. Nikavuka kuelekea Shauri Moyo kwa mfinyanzi wao. Hapo niliwaona vijana wanatoa chungu kwa kalibu, wanazipanga kivulini zikauke polepole, na huko kukauka usikuhesabu kama hasara hata kidogo, udongo ukiharakishwa unapasuka na hiyo ndio hasara kamili. Hasara iko baada ya hapo: chungu kavu zinangoja tanuru lijae kwa sababu kuni ni ghali, na tanuru linajazwa saizi moja, ile kubwa, kwa vile ndio inajaza haraka. Ukirudi Kawangware sasa unaelewa makubwa yalitoka wapi. Mama anataka madogo, tanuru linapika makubwa, na katikati hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amebeba habari ya mama mpaka kwa moto.

Nilimuuliza mfinyanzi kama anaweza kuchanganya saizi ndani ya moto mmoja, madogo yakae ndani ya nafasi za makubwa. Akasema inawezekana, hakuna aliyewahi kumwomba.

Mwisho nikapita City Stadium nikashika Lusaka Road hadi Enterprise Road kwa muuzaji wa madramu ya chuma yaliyotumika, ambayo ndio yanakatwa kuwa miili. Yeye anauza kwa fungu kubwa tu, ndio maana mafundi wananunua bati la mwezi mzima na pesa yao inalala. Tulibishana bei hapo jua likiwaka. Alikubali kuuza machache mradi kikundi kichukue Jumanne na Ijumaa bila kukosa na mkokoteni uwe wao.

Kamukunji tumekubaliana kuning'iniza ndoano kati ya kukata na kukunja, kila ndoano mwili mmoja, ndogo upande wake na kubwa upande wake, zikijaa mkasi unapumzika. Mama wa Kawangware atapiga simu kila Alhamisi aseme kimeuzwa nini, na simu hiyo itaenda kwa mfinyanzi kwanza kabla ya kwenda kwa fundi wa bati. Usafiri wa majiko machache machache bado haujapata jibu. Boda wanabeba majiko matatu au manne, na bei yao inakula faida yote, kwa hiyo tunatafuta maduka mengine ya Kawangware na Dagoretti yachangie pickup moja kwa wiki.