Drili ya Betri Iliyozimika Kila Ilipobanwa na Kazi

Drili yangu ya betri ilianza kuzimika kila nilipoitumia kwenye mbao ngumu. Ikitoboa ubao laini au ikikaza skrubu fupi haikuwa na neno, lakini keekee nene, yaani chuma cha kutobolea, ikishazama kidogo mashine ilikata ghafla, na nikiachia swichi kisha kuibonyeza tena ilizunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Walioiona walisema mota imekwisha. Sikuafikiana nao, kwa sababu mota ya kaboni, yaani inayopokea umeme kupitia vipande vya kaboni vinavyoigusa ikizunguka, inapokaribia kufa huwa na dalili zake: cheche huizunguka pande zote badala ya kuonekana kidogo tu penye kaboni, harufu ya kuungua husikika, na mara nyingine haianzi mpaka chaki, yaani kichwa kinachoshika keekee, izungushwe kwa mkono. Nilichungulia kupitia matundu ya hewa nisione lolote kati ya hayo.

Ninao pia msumeno wa mviringo unaotumia betri zilezile, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kununua zana za mfumo mmoja, kuliko hata kupunguza idadi ya chaja. Betri zangu zote mbili ziliuendesha msumeno huo bila kusita, ingawa msumeno hunyonya umeme mwingi, lakini kila moja ilipopachikwa kwenye drili, drili ilizimika vilevile. Kabla sijagusa bisibisi, tayari nilijua kwamba hitilafu imo ndani ya drili na haimo katika betri.

Niliipima betri kwa mita ya umeme, nayo ikasoma zaidi ya volti 20. Betri inayoitwa ya volti 18 ina seli tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 kwa wastani na 4.2 inapojaa, kwa hiyo ikijaa hufikia volti 21. Ile inayouzwa kwa jina la volti 20 kwa kawaida ina seli tano hizohizo. Kipimo kizuri cha betri iliyotulia, hata hivyo, hakiwezi kumridhisha mtu anayetafuta chanzo cha mashine kuzimika kazini, kwa kuwa mita haivuti umeme wa kutosha kuonyesha udhaifu wa njia unakopita umeme huo. Drili iliyobanwa inaweza kuvuta ampea 30 au zaidi. Tuseme mahali fulani njiani pana ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa sehemu moja tu ya kumi ya omu: kwa ampea 30, hapo hupotea volti 3, na wati 90 za joto huzalishwa katika kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Kifaa cha ulinzi kilichomo ndani ya mashine huona volti zimeshuka, hudhani betri imeisha, nacho hukata umeme. Mzigo ukiondoka volti hupanda, na mashine huwaka tena.

Kwa hesabu hiyo nilitafuta joto. Niliitoboza drili mpaka ikazimika, nikachomoa betri mara moja na kuangalia mahali inapopachikwa. Ndimi mbili za chuma zinazoingia katika betri hazikufanana: moja iling'aa, ya pili ilikuwa na rangi ya kahawia yenye vishimo vidogo, na plastiki iliyoishika ilikuwa imevimba kidogo upande mmoja. Nilipoutikisa ulimi huo kwa ncha ya kijiti cha mbao, ulicheza.

Kuusugua kwa msasa kungesaidia kwa muda tu, maana ulimi unaocheza hauwezi kushikwa barabara hata uking'arishwa vipi. Nilitafuta kipuri cha ndimi kulingana na namba ya modeli iliyoandikwa ubavuni mwa mashine, nikapiga picha mpangilio wa nyaya kabla ya kuzichomoa, nikafungua gamba huku betri ikiwa mbali, kisha nikabadilisha. Nilikagua pia vibanio ndani ya betri zote mbili, kwa sababu ulimi ulioungua huweza kulegeza kibanio kinachoushika, nacho kikaja kuharibu ulimi mpya. Vilikuwa vizima, nilivifuta kwa pamba yenye spiriti tu. Drili sasa hutoboa mbao zilezile mpaka keekee inatokea upande wa pili.

Betri ya tatu, iliyokaa muda mrefu bila kuchajiwa, ilikuwa na shida ya aina nyingine: chaja iliikataa na kumulika taa nyekundu. Wakati mwingine taa hiyo humaanisha tu kwamba betri ina joto mno na inapaswa kupoa kwanza, lakini hii ilikuwa baridi, na mita ilisoma volti 11, yaani wastani wa 2.2 kwa kila seli. Kuna wanaoiamsha betri ya namna hiyo kwa kuiunganisha na betri iliyojaa ili chaja idanganyike. Mimi sifanyi hivyo, kwani seli ya lithiamu iliyoshuka chini mno huweza kuharibika ndani na baadaye ikashika moto inapochajiwa. Nilifunika vyuma vyake kwa utepe wa umeme na kuipeleka kwa wanaopokea betri kuukuu. Zilizobaki, nisipozitumia kwa muda, huzihifadhi mahali pa baridi na pakavu zikiwa na chaji ya kama nusu, nje ya mashine.