Droo ya Chini

Ramadhani ya 2019 iliangukia mwezi wa Mei, masika yamekaza Mombasa. Nilikuwa na kilo 104, na sukari yangu ya asubuhi, kabla sijatia kitu tumboni, ilikuwa imesoma 6.4. Si kisukari bado, lakini kilikuwa kimeshapiga hodi. Mtaalamu wa lishe hospitalini alinieleza habari ya nusu sahani mboga, robo wanga, robo samaki au kunde. Akanipa na daftari la safu tatu: umekula nini, saa ngapi, ulikuwa unajisikiaje. Mbili za kwanza nilizijaza bila kukosa. Ya tatu niliiona ni ya watu wenye nafasi.

Kazi yangu ilikuwa kufuatilia hati za makontena bandarini. Kontena likipitisha siku zake za bure, gharama huanza kupanda kila uchao, na mwenye mzigo hatafuti mbali mtu wa kumlaumu. Siku moja, kama saa nane mchana, mteja akapiga simu. Mzigo wake umekwama, uzito ulioandikwa kwenye hati haulingani na wa kontena, kosa la huko ulikopakiwa. Alinitukana, na mamangu akamtia humo humo. Nilipoweka simu chini, mkono wangu ulikuwa tayari umo ndani ya droo ya chini, unapapasa.

Humo ndimo nilimokuwa nikiweka karanga na biskuti. Nilishazitoa zote kabla ya mwezi kuandama. Mkono ulikuwa unapapasa stepla.

Kilichonishtua ni kwamba sikuwa na njaa. Aliyezoea kufunga anajua: njaa hukujia asubuhi, ile saa ya chai, kisha hutulia. Kufika saa nane mimi husumbuliwa na kiu na usingizi tu. Sasa kilichokuwa kikitafuta karanga ni nini? Nikatulia nikijisikiliza. Kilikuwa kifuani, wala si tumboni: hasira, na chini ya hasira, ile aibu ya mtu mzima kutukanwa asijibu. Siku nyingine ningezila zile karanga bila hata kujua, daftari likaandikwa "karanga, saa nane", basi. Saumu ilinifunga mdomo, mkono ikauacha wazi niuone.

La kula halikuwepo. Nikatia udhu, nikaswali adhuhuri niliyokuwa nimeichelewesha, nikarudi kumwandikia yule bwana kwamba mzigo wake nitaufuatilia ila matusi sipokei tena. Sikuwahi kumwandikia mteja maneno hayo. Hamu ya karanga iliisha hata sijatuma ujumbe, jambo linalonichekesha mpaka leo.

Jioni nilifuturu kwa shangazi, Majengo. Palikuwa na uji, mhogo wa nazi, samaki, viazi vya karai, na kaimati zinazong'aa shira. Miaka mingi kaimati za shangazi zilikuwa na mambo mawili kwangu: ama nizile mpaka nishindwe kuinuka, ama nizikatae mbele yake, yeye anune, kisha usiku nile za kununua jikoni kwangu, nimesimama, taa imezimwa. Safari hii nilikula tende, nikanywa maji, nikaenda msikitini kuswali magharibi. Niliporudi, tumbo lilikuwa limeshapata habari. Nikala mhogo na samaki, halafu kaimati tatu, polepole, mpaka iliki nikaisikia.

"Tatu tu? Waumwa, baba?"

"Siumwi, shangazi. Zimetosha. Leo ndiyo nimejua utamu wake."

Nikamsimulia habari ya droo. Alinisikiliza huku akimimina chai, kisha akasema, "Kumbe akunenepeshaye si mimi, ni huyo bwana wa kontena! Nenda kamwambie na daktari wako, maana mwanilaumu bure na kaimati zangu."

Baada ya Idi nikamwambia kweli, na safu ya tatu nikamwonyesha. Nilikuwa nimepungua kilo moja na nusu. Mtaalamu aliiandika bila maneno mengi, kisha akauliza simu za mteja huyo kwa kawaida huingia saa ngapi.