Usiku mzima kwenye meli ya mtumba, Unguja mpaka Mkoani

Wiki iliyopita nilikwenda Pemba harusini, na safari hii hatukupanda boti ya mwendo kasi, maana mjomba alikuwa na kenta imejaa kitanda, kabati, magodoro na masufuria ya kuazima, na kenta haipandi boti, kwaiyo sote tukapanda meli kubwa ya usiku, ile inayobeba watu na gari. Jina la meli naliacha, sitaki kumharibia mtu biashara yake.

Kitu cha mwanzo nilichokiona pale bandarini Malindi ni matako ya meli. Kule nyuma, chini ya jina lake la sasa, taa ikipiga kwa ubavu unaona herufi nyengine zimevimba ndani ya rangi, jina la zamani hilo, lilichomelewa chumani, na wenyewe wamepaka rangi juu yake wakaona yamekwisha. Kama koti la mtumba unalonunua Darajani halafu ukafika nyumbani ukakuta jina la mwenyewe wa mwanzo limeshonwa kwa ndani.

Ndani ndo usiseme. Juu ya mlango wa ngazi kuna maandishi ya Kigiriki, nikayapiga picha simu ikanitafsiria: marufuku kuvuta sigara. Na chini yake hapohapo kuna mzee kakalia ndoo iliyopinduliwa, anavuta taratiibu, hana habari.

Meli nyingi za aina hii huku kwetu zimekuja hivohivo, ujana wao wameumaliza kwa watu. Spice Islander iliundwa Ugiriki 1967, ikaja kuzama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, njia hiihii ya Unguja na Pemba. Skagit nayo, kabla ya kuzama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ilikuwa inavusha watu kule Seattle, Marekani. Mama mkubwa anazijua hizi habari kuliko mie, na tokea 2011 akipanda meli hapati usingizi. Katandika kanga yake karibu na mlango wa kutokea, kashika ndimu mkononi na tasbihi mkono wa pili, kila baada ya muda ananigusa kuulizia Nungwi, ile ncha ya kaskazini ya Unguja: "Mwanangu, Nungwi tushapita?" "Bado mama mkubwa." Kimya. Dakika kumi. "Nungwi tushapita?"

Sasa watu wakizungumza habari za ajali hizi husema tatizo ni uzee, meli kongwe, chuma kimechoka. Mie hapo nakataa kidogo. Uzee una mambo yake, ndio, choo chetu kilikuwa hakina maji na feni ya juu yetu inalia tu haizunguki, lakini mwaka 1987 kule Zeebrugge, Ubelgiji, meli ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, ilitoka bandarini milango ya mbele iko wazi, maji yakaingia sehemu ya gari, ikalala ubavu kwa dakika chache tu na watu 193 wakafa. Ile meli ilikuwa na miaka 7. Saba! Huku kwetu kuna daladala mwaka wa saba ndo kwanza inaitwa mpya.

Ndo maana mie nikipanda meli za gari sikimbilii kiti, nashuka chini kwanza. Nilishuka na mjomba kuangalia kenta yake inavofungwa. Kule chini joto, harufu ya dizeli na samaki, na ukiangalia unaona ni ukumbi mmoja mtupu, hauna ukuta wa katikati, lazima uwe hivo ili gari ziingie na kutoka. Sasa maji yakiingia mle, hata yakiwa ya kufika fundo la mguu tu, meli ikiinama yote yanakimbilia upande ulioinama, na yakishafika kule yanazidi kuiinamisha. Na gari isiyofungwa inafanya vilevile, fikiria Fuso la saruji linateleza peke yake usiku baharini. Kwaiyo nikahesabu minyororo. Kenta ya mjomba ilikuwa na mmoja. Nikamwambia baharia, "Bwana, huu mmoja unatosha?" Akanitazama kama mtu aliyeambiwa na mkwewe namna ya kupika wali, lakini akaleta wa pili. Nikasubiri mpaka mlango wa nyuma ukapanda wote ukafungwa, ndo nikarudi juu. Jambo jengine ninalolitazama ni watu wangapi wamekaa kwenye ngazi, maana Spice Islander ilishindiliwa watu kupita kiasi, na hilo chuma hata kikiwa kipya hakilitaki. Usiku ule ngazi zilikuwa zinapitika, nikashukuru.

Nungwi tulipita. Unajua bila ya kuambiwa, kisiwa kinaacha kukukinga na bahari inaanza kuinyanyua meli na kuishusha polepole, vyuma vinalia kama mlango wa msikiti wa zamani, watoto wakaanza kutapika mmojammoja, na mama mkubwa akaacha kuuliza, midomo tu inacheza. Nikamshika mkono. Ndimu ilikuwa imeshabonyezwa mpaka imekauka.

Alfajiri tukaiona Mkoani, milima ya kijani na ukungu wake, na ile meli kongwe ikageuka ikakaa sawa gatini kama bibi anayekaa kwenye kigoda chake. Mlango ukashushwa. Kenta yetu ilikuwa ya mbele kabisa, nyuma yake foleni ya gari zote zimeshawasha injini. Mjomba akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Honi zikaanza, na baharia wangu wa minyororo akaja, akasoma yale maandishi ya Kijapani mlangoni mwa kenta, akacheka, akaita wenzake waje kusukuma.