Vaa ndala kwanza

"Vaa ndala kwanza" ilikuwa kauli ya kawaida katika nyumba niliyopanga Mwananyamala, Dar es Salaam. Unataka kufungua friji? Vaa ndala, usipigwe na umeme. Umetoka kuoga na taa ya bafuni inawaka? Izime kwa mpini wa ufagio. Waya wa kuanikia nguo uani, mvua ikishanyesha, haushikwi mpaka bati likauke. Watoto walikuwa wamekariri masharti haya kama jedwali la kuzidisha, na mpangaji mpya aliambiwa siku ileile anayoonyeshwa zamu ya kufagia uwanja. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba iwe na masharti ya namna hiyo.

Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: korido katikati, vyumba sita pande mbili, choo na jiko uani, LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kununua kabla, barazani. Umeme uliingia kwanza vyumba viwili vya mbele. Vingine viliungwa kidogo kidogo kadiri wapangaji walivyoongezeka, na aliyeunga ni mtoto wa dada wa mwenye nyumba, kijana aliyejifunza ufundi kwa kuangalia wenzake. Soketi zilipewa waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa, badala ya 2.5. Chumba kimoja kilipelekewa umeme kwa waya wa spika. Maungio ya darini yalisokotwa kwa mkono, yakazungushiwa vipande vya mfuko wa rambo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ile Juni 2019, lakini kwenye kenchi zetu ilikuwa bado iko kazini.

Mimi nauza barafu za ubuyu na ukwaju, kwa hiyo friji ndiyo duka langu. Nilimwambia mwenye nyumba mara kadhaa kwamba friji inapiga. Ni mzee wa heshima, anaishi Mbagala, huja kuchukua kodi na kuondoka. Jibu lake halikubadilika: "Mwanangu, nyumba hii ina miaka na miaka, umeshasikia mtu amekufa humu?" Nikaelewa kwamba neno hatari halitanifikisha popote kwake. Kwa wapangaji wenzangu pia halikunifikisha popote, maana kila mmoja alikuwa na ndala zake.

Kilichokuwa kinatuuma wote ni uniti. Tunachanga, tunanunua, na kabla ya wiki kwisha LUKU inalia. Lawama zikawa zinanielekea mimi kwa sababu ya friji. Baba wa chumba cha nyuma akasema waziwazi kwamba watu wanachangia biashara yangu. Mpangaji mmoja alishahama kwa ugomvi huohuo na chumba chake kikabaki kitupu, kila anayekuja kukiangalia anaambiwa na majirani habari za LUKU kabla hajamuona mzee.

Hapo ndipo nilipoona njia. Kwenye uso wa mita yetu pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa chekundu kikimweka mara 1,000, uniti moja imekwenda. Nikawaomba wote usiku mmoja tuzime kila kitu na kuchomoa kila kitu, mpaka chaja za simu. Nilipita chumba kwa chumba na mama wa chumba cha pili akiwa shahidi, maana bila shahidi ningeambiwa nimechomoa vya wenzangu nikaacha changu. Kisha tukasimama barazani na tochi kuangalia kitaa.

Kilimweka. Tukangoja, kikamweka tena, kila baada ya nusu dakika hivi. Nikapiga hesabu mbele yao: mara 120 kwa saa, karibu mara 2,900 kwa siku. Uniti karibu 3 kila siku zilikuwa zinakwenda na hakuna anayezitumia. Kwa mwezi ni kama uniti 90. Yule baba wa chumba cha nyuma alikaa kimya, halafu akauliza zinakwenda wapi. Zilikuwa zinakwenda ardhini kupitia nyumba yenyewe. Ilikuwa masika, kuta zimelowa. Tulipoangalia tena baada ya jua la siku kadhaa, kitaa kilikuwa kimepunguza mwendo sana, na mvua iliporudi kikarudia kasi yake. Nikajua tatizo liko juu, kwenye bati.

Nilirekodi kitaa kile kwa simu, na meni swichi za vyumba zikionekana zimezimwa, nikampelekea mzee Mbagala mwenyewe. Sikumtaja mpwa wake hata mara moja. Nilisema nyumba imezeeka na waya nazo zimezeeka. Ukimwambia mtu mzima kwamba mtoto wa dada yake ameharibu nyumba, mazungumzo yatahamia kwenye ukoo na waya zitabaki vilevile. Nikamwambia pia kwamba kile chumba kitupu kitaendelea kuwa kitupu mpaka ugomvi wa LUKU uishe. Chumba kitupu alikielewa haraka kuliko shoti.

Akakubali kwa sharti: sisi tutoe pesa, yeye atakata kwenye kodi. Nikaomba tuandikishane. Alinuna kidogo, lakini tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, karatasi ikasainiwa na kupigwa mhuri. Nashauri kila mpangaji asiruke hatua hii, kwa sababu maneno ya barazani huwa mepesi sana mwezi wa kodi ukifika. Na jambo hili ni la mwenye nyumba kweli: TANESCO, shirika la umeme, kazi yao inaishia kwenye mita, waya za ndani ni za mwenye jengo.

Fundi wa kwanza alitazama, akasema apewe pesa ya tepu. Nikamshukuru akaenda. Mtaani vishoka, mafundi wasio na leseni, ni wengi, na kishoka utamjua kwa jinsi anavyotaja bei kabla hajapanda darini. Wa pili nilimpata kwa kuuliza nani ana leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na nikamwomba anionyeshe. Hakukasirika. Alikuja na kipimo wanachokiita mega, kinachosukuma volti 500 kwenye waya ili kuona kama ngozi yake bado inazuia umeme. Waya mzima unatakiwa usome angalau megaohimu 1. Njia ya taa za uani ilisoma karibu na sifuri.

Akapanda. Msumari wa bati ulikuwa umepigwa katikati ya waya wa taa ya choo. Bati lote la nyuma lilikuwa linapata umeme kila kenchi zikilowa, na waya wetu wa kuanikia nguo ulikuwa umefungwa kwenye bati hilohilo. Aliposhuka alituita wote, akatuonyesha msumari, akasema, "Dada zangu, hapa mlikuwa mnaanika nguo kwenye laivu." Mama wa chumba cha pili alikaa chini palepale.

Friji nayo ilikuwa na kisa chake. Nilishaamini ni mbovu na nilikuwa nafikiria kuiuza. Fundi akafuata waya wa ethi wa soketi zote, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, akakuta umefungwa kwenye nondo za dirisha la korido. Hapakuwa na nondo ya ethi iliyochimbiwa ardhini. Ethi za vyumba vyote zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe bila pa kutokea, kwa hiyo kifaa kibovu cha chumba kimoja kilikuwa kinagawa umeme kwenye mabati ya vifaa vya nyumba nzima. Akachomeka vifaa kimoja kimoja huku akipima ubavu wa friji yangu. Birika la jirani wa mbele lilipochomekwa, friji yangu ikaanza kupiga. Friji ilikuwa nzima miaka yote hiyo.

Vitu vingine alivirekebisha bila hadithi ndefu: swichi tatu zilizokuwa zinakata nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu inayouleta, hivyo balbu ikizimwa holda inabaki na umeme, na fyuzi ya meni swichi iliyobadilishwa kwa uzi mnene wa shaba ambao usingekatika hata nyumba ikiwaka. Waya wa spika aliukata, akaniachia kipande. Ulikuwa umekakamaa na kugeuka kahawia.

Pesa haikutosha kuvuta waya mpya nyumba nzima, ikabidi tuchague. Mimi nilitaka soketi mpya za kupendeza, fundi akakataa. Alisema kwanza nondo ya ethi ichimbiwe, pili iwekwe breka inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha T, tatu njia ya uani ivutwe upya ndani ya paipu. Soketi zingoje. Breka ile inakata uvujaji ukifika miliampia 30, kiasi ambacho ni kidogo kuliko kinachotumiwa na balbu ya LED ya wati 9. Breka za kawaida hazioni kitu kidogo hivyo. Zinangoja waya zizidiwe, na mtu anaweza kufa zamani breka haijashtuka. Kitufe cha T tunakibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Kisipokata, ni kumwita fundi. Gharama yote ilikuja kama kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja, tukagawana, na mzee akakata kama karatasi ilivyosema.

Vyumba viwili bado vina waya za 1.5 kwenye soketi. Fundi aliziwekea breka ndogo ili waya zisizidiwe, na tumekubaliana vyumba hivyo visichomeke pasi na birika kwa pamoja. Mpangaji wa chumba kimojawapo hulalamika kila Jumapili.

Usiku wa siku fundi alipomaliza kazi tulizima tena kila kitu, na kitaa hakikumweka. Halafu hesabu ikanigeukia. Uvujaji ulipoondoka, ilionekana wazi kwamba friji yangu kweli inakula kuliko vifaa vya mwenzangu yeyote, na yule baba wa chumba cha nyuma hakuiacha nafasi hiyo ipite. Sasa nachangia sehemu mbili, wenzangu moja moja. Na breka ikikata usiku mlango unaogongwa ni wangu. Natoka na tochi, tunachomoa vyote, nairudisha, tunachomeka kimoja kimoja mpaka ikate tena, na chenye kosa tunakiweka barazani mpaka kipelekwe kwa fundi. Mpaka leo zimeshawekwa pale hita ya ndoo na pasi moja.