Mei ya mtihani wa kidato cha sita ndiyo hii, na yuniti hakuna

Jana jioni hapa Majengo, Moshi, mvua ikinyesha, umeme ukakatika katikati ya swali la kemia la mole (kipimo cha kiasi cha dutu). Vijana wangu sita wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wakawasha tochi za simu, tukaendelea. Kuna binti mmoja, kemia anaiweza kuliko mimi enzi zangu, lakini anaandika jibu bila yuniti, yaani namba tupu bila gramu wala mole! Nilimzungushia kalamu nyekundu mara nne ukurasa mmoja. "Mwalimu, si inaeleweka?" Inaeleweka kwako, mama, msahihishaji hakujui. Pointi 4 za ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita zinamtosha mtu kuomba chuo, ila huyu anataka udaktari, na huko wanagombania haswa. Alirudia swali lote, yuniti kaziandika kubwa kama bango la duka. Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akachungulia.