Umri wa jiwe huhesabiwa tangu lini?

Nairobi ni mji wa majivu, na hapo sisemi kwa mafumbo. Mawe ya Ndarugo, yale ya kijivu yanayokatwa kwa mashine kule upande wa Juja na kuuzwa kwa futi, ni majivu ya volkano yaliyotua yakagandamana. Pasua moja uone vichembe vyeusi na vipande vyepesi vyenye matundu. Unga wake unakubaki viganjani.

Kokoto ni habari nyingine. Hiyo ni lava iliyopoa: nzito, imekolea weusi, ukiigonga kwa nyundo inalia. Jirani yangu anajenga, kwa hiyo njia yetu imejaa vyote viwili, na mimi napita nikiokota. "Mama, hiyo ni kokoto tu," fundi akaniambia. Kisha akanifundisha kwamba jiwe gumu ndilo kongwe. Nilimbishia. Ugumu unaeleza jiwe lilivyopatikana, hauelezi lini.

Lini imo ndani ya zile fuwele nyeupe zinazometa kwenye kokoto. Ni feldispa, na nyingi zina potasiamu. Sehemu ndogo mno ya potasiamu ni ya aina isiyotulia. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25, na baadhi yake hugeuka gesi ya agoni. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Ikishaganda, agoni inayozaliwa ndani ya fuwele haina pa kutokea. Wataalamu hupima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, wakapata miaka. Majivu ndiyo yanayowasumbua, kwa sababu volkano ikilipuka huzoa na vipande vya mawe ya zamani ikavichanganya humo. Ukisaga bonge zima utaliongezea jiwe umri usio wake, kwa hiyo siku hizi wanachagua fuwele mojamoja.

Lakini kilichoninyima usingizi ni Lukenya. Ukitoka Athi River kwa barabara ya Mombasa unakatiza nyanda za Kapiti, na chini ya nyasi zile kuna lava ya miaka kama milioni 13. Kilima chenyewe si lava. Ni naisi, jiwe lenye mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda, lililopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini hadi likageuka. Lava ilipofika ilikikuta kilima kimesimama, ikakizunguka. Mpishano wa naisi na lava ni wa miaka karibu milioni 500, na hapo katikati hakuna jiwe lolote la kutusimulia. Milima mizima ilikuwa juu ya naisi hiyo, ikaliwa na mvua na upepo, mchanga wake ukaenda zake. Mtu anaweza kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule, asijue amevuka nini.

Naisi hiyo ni ya ukanda mrefu unaoshuka kupitia Kenya na Tanzania. Mwingereza Arthur Holmes ndiye aliyeuita ukanda wa Msumbiji. Mwaka 1911 alikuwa huko Msumbiji akitafuta madini, akaugua malaria. Mwaka huohuo yalichapishwa makadirio yake ya umri wa mawe kwa kupima madini ya yurani na ya risasi. Baadhi ya miamba ya ukanda huu ilianza kama tope na mchanga, ndipo vipande vya bara la kale la Gondwana vikagongana, joto likafukuza agoni yote na saa ikaanza upya. Ni sawa na kumuuliza mzee umri wake akakuhesabia tangu alipotahiriwa. Hajadanganya, ila kuna miaka ameiacha nje.

Miaka hiyo iliyoachwa hutafutwa kwenye zirkoni, chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, ambayo haitikiswi kirahisi na moto. Yurani iliyomo hugeuka risasi polepole. Kule Jack Hills, Australia, zimepatikana zirkoni za miaka bilioni 4.4 ndani ya jiwe la changarawe lililoshikana zaidi ya miaka bilioni moja baadaye. Mwamba uliozizaa hizo zirkoni haujulikani uliko. Pengine ulishasagika wote, zikabaki chembe hizo peke yake. Sasa hapo tuandike umri upi, wa jiwe au wa chembe? Mimi ningeandika yote miwili.