Riwaya ya dhehebu la wauaji: namna ya kuisoma usidanganywe

Damu ndiyo sehemu rahisi ya riwaya hizi. Mwandishi yeyote anaweza kutupa maiti kisimani ukurasa wa pili, msomaji akashtuka. Kazi yenyewe ni kumfikisha mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili, mahali pa kushika kamba, na wewe usiseme "haiwezekani". Kwa hiyo ukifungua riwaya ya dhehebu linaloua watu mmoja baada ya mwingine, acha kwanza kumsaka muuaji. Mfuate muumini mmoja, tena wa ngazi ya chini, uone anaacha nini na kwenye ukurasa gani.

Kata nusu karatasi ya daftari, ndiyo iwe alama yako ya kitabu. Piga safu tatu: jina, ukurasa alipotokea mara ya kwanza, alichoacha. Wanaosomea kwenye simu wanaihitaji zaidi, maana kurudi nyuma kurasa 80 kwa kidole kumtafuta "Ndugu Eliya" ni adhabu. Acha pia nafasi ya jina la pili. Madhehebu ya riwayani hupenda kuwapa waumini majina mapya, na mwandishi mjanja hukuonyesha mtu yuleyule kwa jina la zamani sura ya 3, kisha kwa jina jipya sura ya 11, ukadhani ni wawili.

Safu ya tatu ndiyo yenye utamu. Kwa kawaida huanza kuchukuliwa muda: mikesha, mafungo, usingizi unapungua. Halafu pesa. Halafu ndugu na jamaa, kisha simu, shule na hospitali. Mwisho huja siri: muumini anafanyishwa kosa dogo mbele ya wenzake, na kuanzia hapo hawezi kutoka bila kujitia hatiani. Waandishi wavivu huiruka hatua hii ya mwisho, wakatuletea kiongozi mwenye macho makali na sauti nzito, eti basi. Haitoshi hata kidogo. Kule Jonestown, makazi ya dhehebu la Peoples Temple nchini Guyana, walikokufa watu zaidi ya 900 tarehe 18 Novemba 1978, waumini walikuwa wameshafanyishwa mazoezi ya kunywa kitu walichoambiwa ni sumu. Siku yenyewe ilipofika, foleni na kikombe havikuwa vigeni kwao, na pembeni walisimama walinzi wenye silaha. Basi tafuta hilo zoezi kitabuni, utafute na walinzi. Vikikosekana vyote viwili na watu bado wanakufa kwa utiifu mtupu, mwandishi amekudanganya.

Jambo jingine la kupima ni akili za wafuasi. Wakiwa wajinga wote, kitabu ni chepesi. Walioachia gesi ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa dhehebu la Kijapani la Aum Shinrikyo, walikuwamo daktari wa moyo na wahitimu wa fizikia. Sumu ilikuwa majimaji ndani ya mifuko ya plastiki iliyofunikwa kwa magazeti. Waliitupa sakafuni, wakaitoboa kwa ncha za miavuli zilizonolewa, wakashuka kituo kinachofuata. Mwavuli! Kisu cha kale chenye nakshi za mafuvu hakimtishi msomaji mzoefu hata robo ya hapo.

Ukifika kwenye maiti, shika saa. Mwili hukakamaa kuanzia taya na shingo, muda wa saa 2 hadi 4 baada ya kifo, ukakaza wote kwa saa 12 hivi, kisha ukalegea tena. Joto huharakisha yote hayo. Riwaya nyingi zinazowekwa pwani hii ya Kenya zimenakili mahesabu ya nchi za baridi. Mtu hai ana nyuzi 37. Kibanda cha makuti kule Mambrui, karibu na Malindi, mchana wa Machi kina 30 au zaidi. Tofauti ni nyuzi 7 tu, kwa hiyo kipimajoto hakimsaidii sana mpelelezi kujua saa ya kifo, na maiti "baridi kama barafu" ndani ya kibanda hicho ni mzaha. Vilevile mpelelezi anayefukua kaburi peke yake usiku kwa jembe, bila amri ya hakimu, anampa wakili wa mshtakiwa zawadi. Mwandishi asipolijua hilo, sura za mahakamani zitaporomoka.

Halafu majibu ya DNA ya kutambua maiti, yanayotoka kesho yake asubuhi kabla chai haijapoa. Shakahola, msitu wa bara ya Malindi walikozikwa waumini wa dhehebu lililohubiri kufunga hadi kufa, ufukuaji ulianza Aprili 2023 na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Upasuaji ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, lakini baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kukoseshwa hewa. Riwaya inayosema watu walifunga hadi kufa, wote kwa hiari, isome na taarifa hiyo ikiwa kichwani.

Theluthi ya mwisho isome kwa mkupuo mmoja. Sura huwa fupi, kurasa tatu nne, na zimekatwa makusudi ili taharuki isipoe. Ukizigawa siku tano utasahau nani ana ufunguo wa stoo.

Kuazimana vitabu ni kawaida mjini hapa, lakini kwa aina hii uliza kwanza, na useme wazi kinahusu nini, hata mtu akivutiwa na jalada. Malindi unaweza kuwa unamkabidhi mtu aliyetoa sampuli ya mate hospitalini akimtafuta dada yake.